Droni ilipita, mtaro ukaziba tena: kisa cha ramani za mafuriko Dar

Dar hatuna shida ya kutojua maji yanapita wapi. Nenda Kigogo, Jangwani, Tandale au Vingunguti, muulize hata mama lishe, atakuonyesha kwa mwiko alioshika: yanaanzia pale kwenye kalavati, yanakata uchochoro huu, yakifika kwa yule mwenye geti la bluu yanagawanyika. Shida yetu ilikuwa hiyo habari haina pa kukaa. Manispaa hawakuwa nayo, TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanakutangazia mvua kubwa inakuja ila hawawezi kukwambia itaingia mlango wa nani, na ukifungua ramani za zamani za mipango miji hayo maeneo unakuta doa tupu, makazi holela, basi. Na hapa tunaongelea jiji ambalo sehemu kubwa ya watu wake wanaishi kwenye maeneo yasiyopimwa, sensa ya 2012 ilitukuta milioni 4.36 na ile ya 2022 ikatukuta milioni 5.38.

Kwahiyo kisa chenyewe ni cha Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015 wa kuchora ramani ya mafuriko ya Dar kwa kutumia wanafunzi wa vyuo, droni na watu wa mtaani wenyewe. Umesifiwa sana huko nje na sifa nyingi ni halali kabisa, mimi sio wale wa kuponda kila kitu kilicholetwa na mfadhili. Ila nadhani umesifiwa kwa kitu ambacho sicho. Watu wanapenda kuongelea droni, na droni ndo ilikuwa sehemu nyepesi kuliko zote.

Turudi kidogo Desemba 2011 maana bila hiyo hakuna kisa. Ilinyesha mvua ambayo TMA walisema haijaonekana Dar tangu 1954, bonde la mto Msimbazi likajaa, watu 40 hivi wakafa na maelfu wakabaki hawana pa kulala. Serikali ikawapeleka baadhi yao Mabwepande, huko juu kabisa kupita Bunju, wakapewa mahema na viwanja. Baada ya muda wengi wakarudi bondeni, na huku mjini wakaanza kuitwa wabishi, wapenda mafuriko, sijui wanasubiri misaada. Lakini mtu wa Jangwani anabeba mizigo Kariakoo, anaamka saa kumi na moja anatembea kwa mguu mpaka kazini, akikosa kazi leo anarudi nyumbani hajapoteza kitu. Mpeleke Mabwepande uone nauli ya kwenda na kurudi inavyokula hicho anachopata, tena siku ya kukosa kazi ndo kabisa yuko hasara. Hesabu yake iko sawa tu, ni kwamba kwenye hesabu yake mafuriko ni ya siku kadhaa kwa mwaka na njaa ni ya kila siku.

Mwaka huohuo wa 2011 kuna kazi ndogo ilifanyika Tandale. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi, wakisaidiwa na Benki ya Dunia pamoja na watu waliotoka kwenye kazi kama hiyo ya Kibera kule Nairobi iliyoanza 2009, walizunguka na GPS wakachora mtaa wao na kuuweka kwenye OpenStreetMap, ile ramani huru iliyoanzishwa Uingereza 2004 ambayo yeyote anaweza kuihariri. 2015 wazo likakuzwa: Benki ya Dunia, COSTECH (ile Tume ya Sayansi na Teknolojia), Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu, na Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika lililozaliwa baada ya tetemeko la Haiti la 2010. Baadaye ikaingia na pesa ya serikali ya Uingereza. Kwenye karatasi ni kazi ya kawaida ya maendeleo, majina mengi, nembo nyingi chini ya bango.

Sasa tuje kwenye droni. Ile iliyotumika sana ilikuwa kibawa cha foma, chepesi, unakirusha kwa mkono kinajiendesha chenyewe kinapiga picha kwa mistari kikimaliza kinarudi kutua. Watoto wanakifuata mbio, wazee wanauliza hiyo ni ya jeshi? Picha zake ni kali kuliko za setilaiti, unaona mpaka ndoo uani. Lakini picha ya juu inaona bati. Tandale mabati yamegusana, nyumba tatu za watu watatu zinaonekana moja, na mtu aliyeko Ulaya anayejitolea kuchora majengo kwa kuangalia picha kwenye laptopu yake atachora moja, hana kosa, ndivyo anavyoona. Mtaro unaopita chini ya upenu hauonekani. Kalavati lililozibwa kwa ndani halionekani. Hata mwinuko wa ardhi wenyewe, kitu muhimu kuliko vyote kwenye mafuriko, droni inapima kilele cha bati na kilele cha mwembe, sio sakafu ambayo maji yatasimama juu yake. Na bondeni pale tofauti ya sentimita ishirini ndo inaamua nani alale ndani na nani akalale shuleni.

Kwahiyo lazima mtu ashuke atembee. Na hapa ndo naona akili kubwa ya mradi ilipokuwa.

Vijana walikuwa na simu zenye fomu za ODK, programu ya kukusanyia data, unajaza bila bando, ukipata mtandao inajituma. Mtaro kwa mtaro: upana wake, kina chake, umejengwa kwa zege au ni udongo tu, umeziba au unapitisha. Halafu swali la kina cha maji kwenye mafuriko yaliyopita, ambalo huwezi kumuuliza mtu kwa mita, nani anapima mita maji yanapoingia usiku? Wanauliza kwa mwili: yalifika kwenye kifundo, goti, kiuno au kifua? Swali zuri, ila ukiwa pale unagundua linaleta ubishi wake, kiuno cha nani, cha baba mwenye nyumba au cha bibi? Nimeona dada mmoja mwenye simu anasimama mwenyewe ukutani, mama mwenye nyumba anampima kwa kiganja, hapa, hapana panda kidogo, hapa, na ukiangalia vizuri ule ukuta ulikuwa na mstari wa tope kidogo tu chini ya kiganja. Ushahidi ulikuwa umeshajiandika siku nyingi, ulikuwa unasubiri wa kuusoma.

Kitu kingine ni mashina, yale makundi ya nyumba chini ya mjumbe mmoja. Rasmi serikali yetu inaishia mtaa, chini yake kuna wajumbe wa nyumba kumi ambao mipaka yao ilikuwa haijawahi kuchorwa popote, iko kichwani. Wakachapisha picha za droni kwenye karatasi kubwa, wakawaita wajumbe wachore. Mzee mmoja mjumbe, walimpa kalamu, akaikataa kwanza. Akaigeuza ile karatasi mpaka msikiti ukawa upande anaouona yeye kila asubuhi akitoka mlangoni, kaskazini ya kwenye ramani haikumhusu kabisa. Halafu akaanza na kidole: hili bati jekundu la fulani, huyu amehama, hapa kwenye kigae ni wapangaji, shina langu linaishia kwenye huu mnazi. Kijana akamwambia, "Mzee, mnazi huo hapa kwenye picha hauonekani." "Ulikatwa mwanangu. Lakini mpaka ni hapohapo."

Mtu wa kompyuta anaweza kucheka hapo lakini ule mnazi ndo unaokwambia nani atagonga mlango wa nani saa nane usiku maji yakianza kupanda. Tahadhari ya TMA inapita redioni na kwenye simu, sawa, ila anayemtoa bibi asiyeona vizuri kwenye chumba cha nyuma ni mjumbe au jirani, na sasa kwa mara ya kwanza unaweza kujua shina lipi lina watu wangapi kwenye eneo la maji. Hiyo sio kazi ya droni, ni kazi ya mzee na kidole chake, droni ilimletea karatasi tu.

Na hapa kuna jambo la maarifa na maendeleo ambalo huwa linaelezwa kinyumenyume. Mwaka 1996 rais wa Benki ya Dunia wa wakati huo, James Wolfensohn, alitangaza kwamba Benki inatakiwa iwe benki ya maarifa, sio ya mikopo tu. Picha waliyokuwa nayo wengi ni maarifa yanashuka kutoka Washington kuja kwetu. Kwenye kisa hiki yalipanda. Yalitoka kwa mama lishe wa mwiko na mzee wa mnazi, yakaingia kwenye simu ya mwanafunzi, yakaenda kwenye seva, yakawa tabaka la ramani, yakawa modeli ya mafuriko, yakawa ripoti. Na kila yalipopanda hatua kuna mtu alilipwa zaidi ya aliyeko chini yake. Mwanafunzi alipata mafunzo kwa vitendo na posho kidogo, mtaalamu mshauri akapata mkataba, mjumbe akapata soda. Sisemi ni wizi, data ipo wazi bure kwa kila mtu mpaka leo. Nasema tu ukiandika kwamba jamii ilijengewa uwezo, andika pia nani alimfundisha nani.

Halafu kuna hofu. Mradi unaanza 2015, na mwisho wa mwaka huohuo, Desemba mpaka Januari 2016, bomoabomoa ikapita bonde la Msimbazi, nyumba zinapigwa X nyekundu halafu linakuja tingatinga. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwenye nyumba. Anakuja kijana mstaarabu kabisa, shikamoo mama, marahaba mwanangu, naomba kuuliza maji yalifika wapi hapa kwako. Mama anamwangalia simu yake, anamwangalia usoni: "Mwanangu, mnaandika za kubomoa?" Kijana anajibu kwa moyo mweupe, hapana mama, hii ni ya kuzuia mafuriko. Na yeye anaamini anachosema. Lakini nani aliyekuwa na uwezo wa kumuahidi yule mama kwamba data hiyo haitatumika hivyo? Data ikishakuwa wazi ni wazi kwa wote, kwa anayetaka kukuokoa na kwa anayetaka kiwanja chako. Wengine wakapunguza, maji yalifika kifundoni tu, wakati ukutani alama iko kiunoni. Wengine wakaongeza wakitegemea msaada.

Kuna vitu vingine ndo kabisa haviingii kwenye fomu. Kutapisha vyoo kwa mfano. Kila mtu wa uswahilini anajua, mvua kubwa ikianza kuna watu wanatoboa shimo la choo wanaachia yaende na maji, maana kuwaita vyura, wale vijana wa kutapisha vyoo, waje kukinyonya au kukichota ni gharama na gari la maji taka haliingii uchochoroni. Fomu inauliza kina cha maji. Haiulizi ndani ya hayo maji kuna nini, na ukiuliza nani atakwambia mimi ndo nimetapisha? Kipindupindu cha Dar huwezi kukielewa bila hicho kitu, lakini kwenye ramani maji yote ni rangi moja ya bluu.

Au kifusi. Mtu akipata hela kidogo ananunua kifusi, Canter tatu nne, ananyanyua uwanja wake na kuongeza kizingiti, anaweka viroba vya mchanga mlangoni, amepona. Maji hayajaisha, yamehamia kwa jirani ambaye hana hela ya kifusi. Jirani naye akipata ananyanyua. Yaani bondeni ardhi yenyewe inatembea, kila msimu imebadilika, na ramani uliyochora baada ya masika mbili tatu inaanza kusema uongo bila mtu yeyote kukosea. Ndo maana nasema swali kuu la mradi kama huu sio mlichora nini, ni nani anachora mwaka kesho.

Kwenye hilo Dar ilipata nusu ya jibu, na ni nusu nzuri. Vijana waliofundishwa hawakuyeyuka wote, baadhi yao waliunda OpenMap Development Tanzania, wakaendelea na hizi kazi ndani na nje ya Dar. Leo ukitaka mtu wa kupima mitaro kwa simu huhitaji kumleta kwa ndege. Hiyo naihesabu kama faida kubwa kuliko ramani yenyewe.

Nusu nyingine haikuja. Ingia ofisi ya serikali ya mtaa wowote wa bondeni, utakuta meza, daftari la wakazi, muhuri, kalenda ya mwaka jana na benchi la wanaosubiri barua ya utambulisho. Kompyuta hakuna. Ramani iko wazi mtandaoni, sawa, mwenyekiti aifungue kwa nini, kwa bando lake? Na hata pale iliposhuka kwa karatasi, uchaguzi wa serikali za mitaa ukaja 2019, ukaja tena 2024, mwenyekiti mpya anaingia hajui ile karatasi ukutani ilitoka wapi na zile rangi maana yake nini. Mradi una tarehe ya kufunga. Mvua haina.

Na mtaro. Hapa ndo hasira yangu ilipo kwahiyo mnivumilie. Data ilionyesha mpaka mita, mtaro huu una upana huu, umeziba hapa. Vizuri. Msimu mmoja tu wa masika mchanga unashuka na maji kutoka milima ya Pugu unajaa tena, na juu yake taka, chupa, viroba, magodoro, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kweli ikapungua ila chupa za maji ziko palepale. Mwenye gari la taka anataka hela yake kila mwezi, asiye nayo anasubiri mvua inyeshe amwage mtaroni. Kuzibua mtaro kunataka majembe, buti, gari la kubeba tope, na vijana wa kulipwa kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba vuli haijaanza. Hakuna mfadhili anayepiga picha na tope lililotolewa. Kujenga mtaro mpya kuna jiwe la msingi, kuna utepe, kuna mheshimiwa. Kuuzibua kuna fungu kwenye bajeti ya halmashauri ambalo kila mwaka linakatwa kwanza. Kwahiyo tumekuwa jiji linalojua kwa usahihi wa mita mtaro upi umeziba.

Ukitaka ushahidi kwamba kujua peke yake hakutoshi, angalia mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka. Mabasi yalianza Mei 2016, karakana yake ikajengwa Jangwani, bondeni kabisa, miaka michache tu baada ya 2011. Hivi kuna mtu Dar nzima, kuanzia waziri mpaka mpiga debe wa Manzese, alikuwa hajui Jangwani inajaa? Mvua zikaja, mabasi yakalala kwenye maji, Barabara ya Morogoro ikawa inafungwa pale kila mvua kubwa na watu wanazunguka. Wala haikuhitaji droni.

Lakini nisiwe mchoyo, mahali fulani data ilifanya kazi kweli. Aprili 2018 mafuriko yakapiga tena, na utafiti wa Benki ya Dunia ulikadiria hasara ya kaya za Dar kwa tukio lile moja kuwa zaidi ya dola milioni 100. Ukiweza kuweka takwimu ya namna hiyo mezani, na chini yake ukawa na majengo, mitaro na kina cha maji mtaa kwa mtaa, mazungumzo na Hazina yanabadilika. Mwaka huohuo 2018 wadau wakakaa vikao virefu kuhusu bonde la Msimbazi, ukatoka mpango 2019, na 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 200, Uholanzi na Hispania wakaongeza. Daraja jipya la juu Jangwani, kuchimba na kupanua mto, bustani kubwa ya jiji pale chini. Ule mstari wa tope ukutani, kupitia njia ndefu, umefika kwenye mamia ya mabilioni ya shilingi.

Na umefika pia kwenye kuhamisha watu. Maelfu wa bonde la chini wamethaminiwa nyumba zao na kulipwa waondoke, na mvutano mkubwa ulikuwa upande wa ardhi, maana wengi hawana hati na kisheria wako eneo hatarishi. Kwahiyo yule mama aliyeuliza mnaandika za kubomoa, alikuwa ameuona mchezo mzima mapema kuliko mwanafunzi, mapema kuliko mshauri. Tofauti ni kwamba safari hii kuna fidia na 2015 hapakuwa na kitu, na hiyo tofauti sio ndogo, nyumba yako ikiwa kwenye data huwezi kuambiwa haikuwepo. Wapo waliolipwa kwa sababu hiyo. Ila angeambiwa ukweli huo tangu mlangoni, kwamba hii inaweza kukusaidia na inaweza kukuhamisha, achague mwenyewe ajibu nini.

Linalonitia wasiwasi sasa ni wanakokwenda. Hela ya fidia hainunui kiwanja Magomeni, inanunua Chanika, Msongola, Kivule huko. Na Kivule mto Mzinga unakula kingo kila masika, nyumba zinaning'inia korongoni, watu wanahamisha mabati usiku. Viwanja vinauzwa kwa hatua, dalali anakupeleka kiangazi kumekauka, mnaandikishana kwa mashahidi serikali ya mtaa, na kwenye ile karatasi hakuna hata mstari unaosema korongo liko hatua ngapi kutoka hapo wala mwaka jana lilikuwa wapi. Hela za kazi ijayo ya ramani zikipatikana, vijana na simu zao ningewapeleka huko kwanza, wakamtafute mjumbe, wampe karatasi aigeuze anavyotaka, wakati mahindi bado yamesimama na tofali hazijamwagwa.